Mbuzi wa Juani

Siku Mbaruku alipowaswaga wale mbuzi sita hadi uani kwa mkewe, kule Mtua, watu waliacha vinu na majembe wakaja kutazama. Watoto walikuwa wamewafuata tangu barabarani wakipiga kelele, na mmoja aliyethubutu kumgusa dume alirudi akinusa kiganja chake. Walikuwa mbuzi, hilo halikuwa na ubishi, maana walikuwa na pembe na walilia kama mbuzi wengine. Lakini nywele zao! Nyeupe, ndefu, zenye mawimbi, zilianzia mgongoni zikashuka hadi karibu na magoti, na jike mmoja zilikuwa zimemfunika uso kabisa asionekane macho.

"Hawa wamevaa kanzu," alisema Biasha, jirani yao, mwanamke ambaye hakuwahi kuliacha neno lifie kinywani. "Na huyu aliyejifunika ni bibi harusi. Sabaha shoga yangu, umeletewa wageni, tandika mkeka!"

Watu wakacheka. Sabaha naye alicheka, kwa sababu ukichekwa uani kwako na usicheke, utachekwa mara ya pili. Lakini macho yake yalikuwa kwa mumewe, yakitafuta kifurushi chochote mkononi au begani. Asubuhi ile Mbaruku alikuwa amekwenda Nachingwea kuchukua ujira wake wa mwisho, yeye na wenzake wengi, maana Mradi wa karanga ulikuwa unafungwa na Wazungu walikuwa wanafungasha. Sabaha alikuwa amekwisha kuugawa ujira ule kichwani: chumvi, mafuta ya taa, kaniki yake, na kanga mpya ya binti yao Sikuzani, aliyekuwa ndani akingoja kuchezwa unyago.

"Ujira uko wapi, baba Sikuzani?" aliuliza watu walipoanza kutawanyika.

Mbaruku alielekeza kidole kwa mbuzi. "Ndio huo. Unakula majani."

Sabaha aliingia jikoni akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Baada ya kula, Mbaruku alieleza. Alieleza kwa haraka, kama mtu aliyefanya mazoezi njia nzima. Yule Mzungu aliyemfanyia kazi, waliyemwita Bwana Kofia, alikuwa amewaleta mbuzi hawa kutoka Afrika Kusini ili kuwajaribu katika ardhi ya Mradi. Sasa anaondoka na hawezi kuwachukua. Alimwambia Mbaruku achague: fedha au mbuzi.

"Ukachagua mbuzi," alisema Sabaha.

"Fedha ingeisha kabla mvua hazijanyesha. Hawa hawaishi. Sikiliza, mama Sikuzani. Huwachinji. Huwauzi. Unakata nywele, zinaota tena, unakata tena. Huko Ulaya wanashonea makoti ya wakubwa. Kazi yetu ni kuwatunza tu."

"Na sisi tangu lini tukawa watu wa kufuga?"

"Tangu leo. Au unataka nipande lori?"

Lori hilo Sabaha alilijua. Lilikuwa likija kila mwisho wa kiangazi kuchukua wanaume kwenda kukata mkonge kwenye mashamba ya pwani, na tangu Mradi uanze kupunguza watu lilikuwa likiondoka limejaa mpaka wengine wananing'inia. Baba yake Sabaha alipanda lori kama hilo Sabaha akiwa hajang'oka meno ya utoto. Aliaga kwa maneno mazuri na akaahidi kitambaa. Mpaka leo hakuna aliyejua kama alikufa huko au alioa. Mama yake alikuwa akisimama barabarani kila yalipopita magari, mpaka watu wakamzoea, na kumzoea kule kulimuuma Sabaha kuliko kumsikitikia.

"Mkonge hutakwenda," alisema.

"Basi tuwatunze mbuzi."

Na kweli alikata shauri usiku uleule kwamba atawatunza, hata wakiwa mbuzi wa kuchekesha kiasi gani.

*

Zizi walilijenga kwenye uwanda uliofyekwa na matingatinga ya Mradi, juu kidogo ya nyumba. Hapo zamani palikuwa na msitu wa kufichia tembo. Mashine mbili zilivuta mnyororo mmoja mnene katikati yao, miti ikalala yote, na sasa palikuwa peupe kama kiganja, jua likishuka bila kizuizi. Mbaruku alipachagua kwa sababu Bwana Kofia alikuwa amemwagiza jambo moja na kulirudia: mbuzi hawa wakae peupe, siku zote peupe, maji wachotewe, na bondeni kwenye kijito wasikanyage kabisa, kwa sababu kule kuna mbung'o.

Shehe, kaka mkubwa wa Sabaha, alipolisikia agizo hilo alicheka mpaka akashika mbavu.

Shehe hakuwa mtu wa kuchezewa. Yeye ndiye mjomba wa Sikuzani, na kwa Wamwera mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada zake kuliko baba aliyewazaa. Ardhi ile ilikuwa ya ukoo wake. Mbaruku alikuwa mwanamume aliyekuja kuoa, akajengewa nafasi ukweni, na ijapokuwa watu walimheshimu, hakukuwa na siku waliyomsahaulisha hilo.

"Mbung'o!" alisema Shehe akijifuta machozi. "Shemeji, mbung'o wametuuma sisi, wakawauma baba zetu, na mbuzi wetu kila siku wanakunywa kijitoni na hao mbung'o wamewaganda matakoni. Umemwona mbuzi wa hapa kafa kwa mbung'o?"

"Sijamwona," alikiri Mbaruku.

"Sasa huyo Mzungu wako ameyajua wapi? Si ndio haohao waliosema karanga zitaota mpaka baharini? Wazee wakawaambia, bwana, ardhi hii ina tabia zake. Wakasema wanayo mashine. Wakavuna nini? Mbegu walizomwaga zilikuwa nyingi kuliko walichovuna. Nitajie neno moja Mzungu alilosema juu ya nchi hii likawa kweli. Moja tu."

Mbaruku alifikiri. Alifikiri kwa dhati, kwa sababu alikuwa amekula mkate wa watu wale kwa miaka kadhaa, lakini hakulipata. Mwishowe naye akacheka. Sabaha, aliyekuwa akichambua mboga kando, aliona mumewe anacheka, na kicheko kile akakihifadhi moyoni bila kujua kwamba amekihifadhi.

"Hata hivyo," alisema Shehe, sauti imebadilika, "Sikuzani anatoka kabla ya mvua. Ngoma mwaka huu imechelewa kwa ajili ya kungojea ujira wenu huo wa Mradi. Wenzako wameleta fedha. Wewe umeleta mbuzi. Vema, mbuzi ni kitoweo. Nitachukua mmoja."

"Shemeji, hawa si wa kuchinja."

"Ni mbuzi au si mbuzi?"

"Ni mbuzi wa nywele. Nikianza kuchinja—"

"Wanakula majani ya nani?"

Mbaruku aliangalia chini. Ngozi ya shingo yake ilikuwa imebadilika rangi. Sabaha aliona haya kwa niaba yake, haya iliyochanganyika na hasira, kwa sababu aliyekuwa akimdhalilisha alikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

"Kaka," alisema polepole, "tutatafuta kuku. Ngoma haitalala njaa."

"Kuku," alirudia Shehe. Akainuka, akajikung'uta kanzu, akaondoka bila kuaga. Siku zile hapakuwa na tusi kubwa zaidi ya hilo ambalo mtu angeweza kulitoa kwa mdomo uliofungwa.

*

Nywele zisizo na mnunuzi ni takataka. Kwa hiyo Mbaruku alikwenda Ruangwa, kwa miguu, kumwona mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akinunua nta na sandarusi na ngozi na kuzipeleka Lindi bandarini. Habari zilirudi kupitia kwa mpita njia: mfanyabiashara amekubali kuziona nywele, lakini hana mkasi wa kukatia, mkasi wa kazi hiyo huagizwa. Mbaruku amekubali kumjengea ghala huko Mbekenyera mpaka mkasi ufike. Mkasi ndio utakuwa malipo. Mama Sikuzani asiwe na wasiwasi.

Mama Sikuzani alikuwa na wasiwasi tangu kabla ya kuambiwa asiwe nao. Ilikuwa miezi ile ya joto linalotangulia mvua, nchi imekauka, majani yamebaki kama ufagio. Kule uwandani hapakuwa na mti hata wa kufungia kamba. Mbuzi walisimama na mavazi yao mazito, midomo wazi, ndimi nje, mbavu zikienda kasi. Sabaha alijenga kibanda cha makuti. Upepo wa mchana ukakibeba. Alijenga kingine, dume akakila.

Na maji! Mwali akiwa ndani haonekani kisimani, basi Sikuzani hakuweza kumsaidia. Sabaha alishuka bondeni na mtungi, akapanda nao, akamimina, na kabla hajaitua vizuri ngata kichwani mbuzi walikuwa wamekwisha kulamba hata udongo. Alishuka tena. Jioni shingo ilikuwa haigeuki. Biasha alipita akamkuta ameketi chini, mtungi kando, mbuzi wamemzunguka wanamlilia.

"We Sabaha, umekuwa mtumwa wa mbuzi?"

"Wana kiu."

"Wana kiu wakati kijito kinapita hapo chini? Wangu wanajishukia wenyewe, wananywa, wanalala kivulini, wanarudi. Tena tazama hawa wanavyohema. Mtu akimvalisha mwanawe blanketi akamwanika juani, si watamfunga?"

"Mzungu alikataza."

"Mzungu yuko wapi?"

Mzungu alikuwa ameondoka.

Tuseme ukweli wote, kwa sababu Sabaha mwenyewe baadaye alijilazimisha kuusema moyoni mwake. Aliwahurumia wale mbuzi; hilo halina shaka. Lakini pia alikuwa amechoka. Huruma na uchovu vilimshika mkono kila kimoja upande wake, vikamshusha bondeni, na asubuhi ya siku iliyofuata mbuzi watano wa nywele walikuwa wakinywa kijitoni kwa pupa kama watu waliotoka safari. Wa sita, yule aliyeitwa Bibi Harusi, alikuwa na mimba na mwiba ulikuwa umemchoma ukwatoni, akichechemea. Huyo alibaki juu, akachotewa.

Chini ya mianzi palikuwa na ubaridi mtamu. Mbuzi walijilaza wakacheua. Mbung'o walikuwapo, naam, kama walivyokuwapo siku zote. Sabaha aliwapiga kwa kitawi walipomtua shingoni. Aliwaza jinsi atakavyomwambia mumewe, na jinsi watakavyocheka tena juu ya Bwana Kofia na maagizo yake. Kwa mara ya kwanza tangu wanyama wale waje, alilala usingizi mchana.

*

Dume ndiye aliyeanza. Hakukataa chakula, na hilo ndilo lililomchanganya Sabaha. Alikula huku anakonda. Macho yalimtoka machozi yakaacha michirizi usoni. Nywele zake, zilizokuwa ziking'aa, zilifubaa zikaanza kusimama kama za mbwa mgonjwa, na ukizishika zilibaki mkononi. Kisha akaanza kupepesuka.

Biasha alileta mizizi ya kuchemsha. Mwingine akasema achanjwe masikioni. Mwingine akasema ni jicho la watu, na kwa namna watu walivyokuwa wamewatolea macho mbuzi wale siku ya kwanza, hata hilo halikuwa upuuzi mtupu. Sabaha alifanya yote. Siku dume alipolala ubavu na kushindwa kuinua kichwa, ilibidi mtu akimbie kumwita Shehe, kwa sababu mnyama akijifia ni kibudu, hakuna Mwislamu atakayemgusa, na kumfukia mbuzi mzima ardhini watu wakiwa na njaa ya kitoweo ni laana nyingine.

Shehe alikuja na kisu. Hakusema, "Nilikuambia mbuzi ni kitoweo." Alisema bismillahi, akafanya kazi yake, akaugawa mnofu kwa majirani kwa haki. Paja moja alilipeleka kwake.

Wa pili alifuata kabla harufu ya wa kwanza haijatoka uani. Halafu wa tatu. Watu waliokuwa wakicheka sasa walikuja kwa staha, wakisema pole, pole sana dada, na macho yao yakienda kwenye sufuria. Hawakuwa watu wabaya. Ulikuwa mwaka wa ujira kukatika, na nyama ilikuwa jambo la Idi. Mtoto mmoja wa Biasha alimuuliza Sabaha, kwa adabu kabisa, mbuzi mwingine ataugua lini.

Sabaha alipika na kupakua. Yeye mwenyewe hakuweza kumeza. Kila alipotia tonge mdomoni aliliona lori.

Ni siku ya tatu ya kuchinja alipoelewa. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa akimtazama Bibi Harusi, amesimama peke yake juu kule juani, akihema, ulimi nje, mnene, nywele safi. Aliyeteseka joto ndiye aliyekuwa mzima. Sabaha alishika kinywa chake kwa mikono yote miwili. Mzungu mmoja, katika maneno yote ya Wazungu wote, alikuwa amesema neno moja la kweli, na hilo ndilo walilolicheka.

Aliwakimbiza wawili waliobaki, akawatoa bondeni kwa fimbo. Ilikuwa sawa na kumkataza mtu kunywa sumu aliyokwisha kuimeza; nao wakafuata wenzao.

*

Mbaruku alirudi siku ya mawingu, amekonda, mikono imechubuka kwa tofali. Mkasi ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa, na kitambaa kimefungwa kifuani. Aliufungua kabla hata hajanywa maji. Ulikuwa mkubwa, wa chuma cheupe, ukinuka mafuta.

"Wako wapi watu wangu sita wenye kanzu?" aliuliza kwa furaha, akiangaza uwandani.

Sabaha alikuwa ameyapanga maneno kwa siku nyingi. Yote yalipotea. "Yupo mmoja," alisema.

Alimweleza kuugua, macho, nywele kusimama, kisu. Alieleza mizizi na chanjo. Alieleza kila kitu isipokuwa bonde. Mbaruku alisikiliza ameketi, mkasi mapajani. Aliposikia yote alisimama, akaenda zizini, akamtazama Bibi Harusi kwa muda mrefu. Kisha akateremka njia ya kijitoni. Sabaha alitaka kumwita, asimwite.

Mbaruku alikaa huko hadi kivuli cha nyumba kilipofika mlangoni. Aliporudi, ngumi yake ilikuwa imefumbwa. Aliifumbua mbele ya mkewe. Ilikuwa imejaa nywele, nyeupe, ndefu, zilizonasa kwenye miiba ya vichaka na kwenye maganda ya mianzi, alizokuwa amezichuma moja moja.

"Zimejaa kule," alisema. "Mpaka kwenye maji."

"Walikuwa na joto, baba Sikuzani." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Walikuwa wanakufa kwa joto. Na maji nilikuwa nachota peke yangu. Na nyinyi mlicheka. Wewe pia ulicheka."

Laiti Mbaruku angempiga, au angetukana! Sabaha angejua pa kujificha. Lakini mwanamume yule aliketi chini, akaanza kuzinyoosha nywele juu ya goti lake, akizipanga kama nyuzi.

"Nilicheka," alisema. "Kweli nilicheka."

Kaka Shehe alipofika jioni kumjulia hali, alisema, "Pole shemeji, kwani waliugua nini hasa?" Sabaha alifumba macho akingojea. Mbaruku alisema, "Mungu ndiye ajuaye." Sabaha aliijua gharama ya jibu lile, na kumpenda mumewe kulimwuma kifuani kama kichomi.

Yule mfanyabiashara wa Ruangwa alikuwa amesema anataka gunia. Nywele za mbuzi mmoja hazijazi hata kikapu. Mbaruku hakumkata Bibi Harusi. Aliufunga mkasi tena kwenye kitambaa chake akauchomeka kwenye paa.

Lori lilipokuja, alikuwa na kibeseni na blanketi. Sabaha alimsindikiza barabarani, pale pale aliposimama mama yake.

"Usilie," alisema Mbaruku. "Huyu aliyebaki ana mimba. Akizaa, tunaanza upya. Nitumie habari kwa yeyote anayekuja pwani. Nikisikia amezaa, mkataba ukiisha sitatia kidole kwenye mwingine. Nitarudi."

"Na asipozaa?"

Mbaruku alipanda. Kutoka juu, katikati ya mabega ya watu, alisema kitu, lakini injini ilikuwa imekwisha kunguruma. Sabaha aliitikia kwa kichwa kama aliyesikia.

*

Tangu siku ile Sabaha aliishi juani. Asubuhi alimfunga Bibi Harusi kwenye kigingi katikati ya uwanda, akaketi karibu naye na tawi la majani, akipunga. Hakumwacha inzi wala mbung'o wala kipepeo atue. Maji alichota. Shingo ilikaza na akachota. Ngozi ya uso wake ilibabuka, na Biasha alipompigia kelele kutoka nyumbani, "Sabaha, mlete huyo mnyama kivulini, utakufa wewe!" alijibu, "Niache. Hapa ndipo kwetu."

Tumbo la mbuzi lilikuwa limeshuka. Siku moja aliweka kiganja ubavuni akasikia kitu kinageuka ndani. Alicheka peke yake kule juani kama mwendawazimu. Sikuzani, kutoka ndani kwenye giza la nyumba, aliuliza, "Mama, unacheka nini?" na Sabaha akasema, "Baba yako anarudi."

Ngoma ya kuwatoa wali, Sikuzani na wenzake, ilipangwa mwisho wa wiki. Shehe alikuja mchana, amevaa kanzu safi, kisu kikiwa kiunoni chini ya koti.

"Dada, salama?"

"Salama kaka. Karibu."

"Wali wanatoka. Kungwi ameshauliza kitoweo. Wenzako wote wametoa. Kuku wako wameliwa na kicheche, najua, sikulaumu. Nimekuja kwa huyu."

"Huyu hapana."

Shehe alidhani hakusikia vizuri. "Nasema ni kwa ajili ya Sikuzani. Binti yako. Unataka atoke kama yatima, akale nyama ya wengine?"

"Kaka, nichukulie kaniki. Chukua kitanda. Chukua mkasi ule kwenye paa, ni chuma kizuri. Huyu ana mtoto tumboni, na mtoto huyo ndiye atakayemrudisha mume wangu."

"Mume wako!" Sauti ya Shehe ilipanda. "Mimi mkubwa wako, nimekuja na miguu yangu, unaniambia mume? Mume ni mpita njia, Sabaha. Baba yetu alikuwa mume wa mama."

Maneno hayo yalimfika. Alisimama, akajiweka kati ya kaka yake na mbuzi, tawi mkononi. Katika maisha yake yote hakuwahi kumkatalia Shehe kitu, na wala hakuwahi kumwona mwanamke wa ukoo wao akimkatalia mjomba wa nyumba.

"Kwa hiyo mimi sitaki yule wa kwangu apotee kama baba," alisema. "Nenda kaka. Mbuzi huyu si wa ngoma."

Shehe alimtazama. Usoni mwake hasira ilikuwapo, lakini palikuwa na kitu kingine pia, labda huruma, na Sabaha hakukitaka. Aligeuka akaishika njia, mgongo umenyooka.

Sabaha alipiga goti karibu na mbuzi, akamkumbatia shingo. "Tumeshinda," alimwambia. "Umesikia? Tumeshinda." Akazisogeza zile nywele zilizomfunika uso, apate kumtazama macho.

Shavu la mbuzi lilikuwa limelowa.

Alidhani ni jasho lake mwenyewe. Alilifuta kwa upindo wa kaniki, na kutoka kwenye kona ya jicho chozi jingine likatoka, likashuka taratibu kwenye mfereji uliokuwa umeshajichimbia njia chini ya nywele, mfereji wa siku nyingi, ambao hakuuona kwa sababu ya lile shela. Alipouondoa mkono wake shingoni, nywele zilikuja nao, kishungi kizima, bila kuvutwa. Aliwakumbuka wale watano wakirudi zizini kila jioni, mbung'o wamewaganda, wakilala ubavu kwa ubavu na huyu.

Alikaa pale hata jua likamwingia utosini. Mbuzi alijaribu kupiga hatua kulifuata jani, miguu ya nyuma ikapishana, akaketi. Hakuinuka. Alimtazama Sabaha bila lawama, kama mbuzi anavyomtazama mtu yeyote.

Kaka alikuwa bado anaonekana, mbali, kanzu nyeupe kwenye uwanda mtupu, hakuna mti wa kumficha. Kesho mnyama huyu angekuwa kibudu, asifae hata kwa binti yake. Sabaha alisimama. Alikimbia, peku, kwenye udongo uliowaka, akaita mpaka sauti ikakatika.

"Kaka! Kaka Shehe! Rudi. Rudi na kisu."